Mumbere Wawili wa Bwaise

“Mtoto huhesabiwa kwa kichwa au kwa godoro?”

Swali hilo Bi Rahima aliwahi kumuuliza Sajini Akwero siku lori la serikali lilipoleta magodoro Bwaise, na Akwero akawekwa kupanga foleni. Bi Rahima hakuwa na mtoto kwenye orodha. Alikuwa amekaa mlangoni mwa duka lake akipima sukari, mkono kwenye mizani, jicho kwenye foleni. Akwero alimjibu kwa utani kwamba serikali haina macho wala mikono, inahesabu kwa karatasi.

Miezi minane ikapita. Jumanne asubuhi karatasi yenyewe ikaletwa kwenye meza ya Akwero, katika dawati la watoto na familia la kituo cha polisi, na safari hii hakuona la kutania.

Ilitoka kwa Olivia, ofisa ustawi wa jamii wa kata. Mistari miwili ilikuwa imepigiwa wino mwekundu. Mumbere, mvulana, miaka tisa, mlezi Monique, Mkongo, mjane. Chini yake tena: Mumbere, mvulana, miaka tisa, mlezi Monique, Mkongo, mjane. Nyumba ni ile ile, simu ni ile ile. Olivia aliuliza kwa maneno machache: hawa ni watoto wawili, au ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili? Jibu lilitakiwa kabla ya adhuhuri ya Alhamisi, saa ya kufunga orodha.

Orodha yenyewe ilikuwa ya ufadhili wa serikali. Mtoto aliye hatarini kupelekwa makao ya watoto kwa sababu ya umaskini, serikali humlipia karo, humpa sare, godoro, unga na maharage ya kila mwezi, ili alelewe na watu wa damu yake. Mlezi akikutwa amedanganya, jina lake hufutwa. Likifutwa, watoto huchukuliwa. Akwero alikuwa amewahi kuwachukua watoto namna hiyo mara mbili, na mara zote mbili alirudi kituoni akakaa kwenye benchi la washitakiwa, viatu mkononi.

Alichukua daftari lake akashuka Bwaise kwa miguu.

Monique alikuwa uani, anapanga samaki wa kukausha aliowafuata ziwani Ggaba alfajiri. Mwanamke mnene wa kifua, mwembamba wa miguu, rozari shingoni, harufu ya moshi nguoni.

“Karibu, afande. Kanyaga matofali, usikanyage udongo. Udongo wa huku ni mwongo.”

“Asante, mama. Unalea watoto wangapi?”

“Wawili.”

“Majina?”

“Mumbere na Mumbere.”

“Nimeuliza majina, sikuuliza mwangwi.”

Monique akacheka mpaka samaki mmoja akamponyoka. “Njo majina yabo, afande! Ku mupira banaitwa Dady na Pitshou. Lakini ile ni ya barabara. Mu nyumba, huyu ni Mumbere, na ule ni Mumbere.”

“Ukiita Mumbere, anaitika nani?”

“Anaitika mwenye njaa.”

Akwero hakuandika jibu hilo. Aliomba ruhusa ya kuingia ndani.

Alikuwa na desturi yake. Watu hudanganya kwa ulimi, lakini ni wachache wanaokumbuka kudanganya kwa vikombe. Akahesabu. Vikombe vitatu vya bati. Miswaki mitatu katika kopo moja, miwili midogo, nywele zake zimetawanyika kama kuku aliyenyeshewa. Sare moja imeanikwa dirishani. Kisha akaona godoro. Lilikuwa moja, limewekwa juu ya meza iliyonyanyuliwa kwa matofali, na bado lilikuwa ndani ya nailoni yake ya kiwandani, gundi haijabanduliwa.

“Serikali ilikupa mangapi?”

“Mbili.”

“Lingine liko wapi?”

“Maji ilikula.”

“Na hili halijalaliwa hata siku moja.”

Uso wa Monique ukabadilika. “Halijalaliwa? Afande, unakaa upande gani ya Kampala?”

“Ntinda.”

“Ntinda maji inapiga hodi. Hapa inaingia tu kama mwenye nyumba. Mwezi wa ine tulitoa nailoni ku godoro ya kwanza, tukasema batoto balale vizuri kama batu. Juma moja tu, ikaoza. Hii sitaitoa nailoni mpaka Yesu arudi.”

Akwero akalibonyeza godoro. Chini ya nailoni, sifongo ilikuwa imebonyea mahali pawili pa mabega, upande huu na upande ule, na katikati imechakaa pale miguu inapopigana. Nailoni yenyewe ilikuwa na ukungu wa jasho katika ncha zote mbili. Wawili walilala hapo mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye nyayo za yule. Mtoto mmoja hana vichwa viwili. Akaandika.

Hata hivyo hakuondoka. Alivuka mfereji akaenda kukaa dukani kwa Bi Rahima kungoja watoto watoke shule kwa chakula cha mchana.

“Umekuja kuhesabu wajukuu zangu,” Bi Rahima alisema. Familia yake ilikuwa ya wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani enzi za mababu, na Kiswahili chake kilikuwa na mapambo ambayo Kampala haina.

“Ni wajukuu zako tangu lini, bibi? Wewe Mwislamu, wao Wakatoliki.”

“Tangu walipoanza kuninusia sufuria. Mvua ikizidi hulala kwangu, huku juu. Yule mrefu hukoroma. Yule wa pengo husema sala ndefu kuliko padri, na akimaliza huniombea na mimi, kwamba Mungu anisamehe kuuza biskuti ghali.”

“Ni ndugu?”

“Mwanangu, hilo muulize mlezi wao. Mimi najua mmoja anamwita mama, mwingine anamwita mama mukubwa, na akiwakasirikia huwachapa sawasawa.”

Saa saba wakaja wakikimbia. Mmoja mrefu, magoti yamejaa makovu. Wa pili mfupi, pengo mbele. Walimwamkia Bi Rahima kwa pamoja, walimwamkia afande kwa woga, kisha wakaingiza mikono kwenye mtungi wa biskuti wakapigwa kofi. Akwero akaandika: watoto wawili, nimewaona kwa macho yangu.

Faili lingefungwa pale, kama si Santo.

Jumatano asubuhi Akwero alipofika ofisini kwa Olivia kutoa taarifa, alimkuta mtu ameshakaa. Shati jeupe, bahasha ya khaki magotini. Olivia alimtambulisha: Santo, msimamizi wa makao ya watoto yanayoitwa Kivuli Chema, kule upande wa barabara ya Bombo.

“Bwana Santo naye anawajua Mumbere wako,” Olivia alisema, huku akifuta miwani yake. “Ameleta karatasi. Kama ni ya kweli, nyabo,” akamwita bibie kwa Kiganda, “mimi sina la kufanya.”

Karatasi ilisomeka hivi: Mimi, Exaucée, mama mzazi wa Mumbere na Mumbere, ndugu wa tumbo moja, kwa hiari yangu nawakabidhi wanangu wote wawili kwa makao ya Kivuli Chema, kwa kuwa dada yangu Monique hawezi kuwatunza. Chini yake dole gumba la wino, tarehe ya mwezi uliopita, na saini ya shahidi: Santo.

Akwero akavuta kiti. “Exaucée ni nani?”

Olivia alijibu. “Mdogo wake Monique. Alirudi Kongo miaka miwili iliyopita kumtafuta mumewe, na hakusikika tena. Kwenye fomu yangu yumo kama mama wa mtoto mmoja, na kwa wa pili nafasi ya mama iko wazi. Huenda niliandika vibaya, mistari ilikuwa mingi siku ile.”

“Na ni nani aliyeiona fomu hiyo?”

“Iko hapa mezani. Kila mtu anayekuja anaiona.”

Akwero akamgeukia Santo, daftari wazi. Kila jibu aliliandika kwenye mstari wake, na kila mstari Santo alitakiwa kutia saini pembeni. Hiyo nayo ilikuwa desturi yake: mtu husahau alichosema, lakini hasahau jina lake.

“Alikuja kwa usafiri gani?”

“Bodaboda.”

“Alikaa wapi?”

“Kwenye kiti mbele yangu, kama ulivyokaa wewe.”

“Mlizungumza lugha gani?”

“Kiswahili.”

“Alisema nini juu ya watoto?”

“Kwamba amewazaa wote wawili yeye mwenyewe. Baba mmoja, mama mmoja.”

“Nani mkubwa?”

Santo alifikiri kidogo. “Yule mrefu.”

“Saini hapa. Na hapa. Makao yenu yana vitanda vingapi, ssebo?”

“Arobaini.”

“Na watoto?”

Hapo akaikunja ncha ya bahasha. “Kumi na mmoja. Tangu ufadhili huu uanze, watoto wanarudi kwao. Sisemi ni vibaya, afande. Lakini wafadhili wetu hawaleti chakula cha vitanda vitupu. Mimi mwenyewe nililelewa pale. Sijui nyumba nyingine.”

“Saini na hapo.”

Alama za vidole za wakimbizi ziko katika ofisi nyingine, na jibu lake huchukua majuma matatu. Akwero aliandika maombi hata hivyo, akayapiga muhuri, akaagiza Monique aitwe.

Monique alifika na kanga ya samaki bado kiunoni. Olivia alimsomea karatasi taratibu. Alipofika kwenye neno makao, Monique alikuwa kama hasikii tena. Alikuwa amekamata ukingo wa meza.

“Exaucée alikuja hapa? Huyu baba alimwona?”

“Nilimwona,” Santo alisema, akitazama bahasha yake.

“Alikuwa muzima? Mwembamba ao mnene?”

“Wa… wastani.”

Monique alipiga magoti palepale sakafuni akapaza sauti kwa Kinande, lugha ya kwao, machozi na kicheko pamoja, akimshukuru Bikira Maria, akiita jina la mdogo wake mara saba, mara nane. Olivia alitoa kitambaa. Akwero akangoja mpaka alipoinuka.

“Mama, tazama dole hili vizuri. Unasema ni la dada yako?”

Hakuna binadamu anayelijua dole la mwenzake kwa macho. Monique aliinamia karatasi, akaigusa kwa kidole kimoja kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa.

“Ni ya kwake.”

“Una hakika?”

“Ni ya kwake, afande. Andika.”

Akwero akaandika, Monique akatia dole lake. Kwa mstari huo mmoja, mlezi mwenyewe alikuwa ameithibitisha karatasi iliyokuwa inamnyang’anya watoto. Olivia alimweleza jambo hilo waziwazi: kesho adhuhuri, wote wawili, Kivuli Chema. Monique alitikisa kichwa kwamba amesikia, akaondoka mbio kama mwenye ahadi.

Alasiri ile, kituoni, Akwero alikuwa ananakili maelezo katika faili. Koplo Masereka, mtu wa Kasese aliyeshiriki naye meza mwaka wa nne sasa, alisimama nyuma yake na muhogo mkononi, akisoma kazi isiyo yake kama kawaida.

“Toa makombo yako kwenye faili langu.”

“Huyu mama mtaalamu,” Masereka alisema.

“Mama gani?”

“Huyu Exaucée. Amezaa kifungua mimba mara mbili.”

Kalamu ya Akwero ikasimama. “Rudia.”

“Mumbere. Ni Wanande hawa, ng’ambo ya mpaka. Sisi Bakonzo ni ndugu zao, majina tunaitana kwa zamu ya kuzaliwa. Wavulana zamu yao, wasichana yao. Mvulana wa kwanza wa mama ni Mumbere. Akizaa wa pili hawezi kuwa Mumbere, jina lake linamngoja kabla hajatoka. Hata mapacha wana majina yao. Wao huyo wa pili humwita Kambale. Mimi Masereka, wa tatu. Miaka minne tunakula meza moja, nyabo, hujawahi kuniuliza jina langu maana yake nini!”

“Nilidhani maana yake ni mdokozi wa mihogo.” Akwero alikuwa ameshageuza kurasa. “Na zamu inahesabiwa kwa baba au kwa mama?”

“Kwa mama. Mwanamume akiwa na wake watatu, atakuwa na Mumbere watatu uani, na wote wataitika.”

Akwero aliweka kidole kwenye mstari uliotiwa saini na Santo: amewazaa wote wawili yeye mwenyewe. Kisha akakiweka kwenye maneno ya Bi Rahima: mmoja anamwita mama, mwingine mama mukubwa. Watoto wawili, wote Mumbere, basi matumbo mawili. Mmoja wa Monique, mmoja wa Exaucée. Mtu aliyeitunga karatasi alikuwa ameona majina mawili yanayofanana kwenye fomu ya Olivia, akadhani ni ya ndugu. Mama wa Kinande asingeweza kutamka uongo huo hata akilewa.

“Masereka.”

“Afande.”

“Mnande mwingine akisomewa karatasi hii, angelisikia kosa hilo?”

“Hata mtoto wa chekechea angelisikia.”

Akwero alilifunga faili polepole. Monique alisomewa karatasi ile yote. Alisomewa maneno ndugu wa tumbo moja, kwa Kiswahili anachokijua, akasema andika.

Alhamisi, saa nne asubuhi, walikutana tena ofisini kwa Olivia. Santo alikuwa amekuja na gari la makao, limeegeshwa nje. Wavulana wawili walikuwa kibarazani na vifurushi vyao. Yule wa pengo alikuwa anamfundisha dereva wa gari kupiga mluzi kwa ulimi, na dereva alikuwa anashindwa.

Akwero alieleza yote aliyoyaona, kuanzia godoro hadi majina. Olivia alimsikiliza, akavua miwani.

“Nakuamini,” alisema. “Lakini nitaandika nini kwenye taarifa? Kwamba koplo mmoja anajua desturi? Desturi ni maelezo, nyabo. Ushahidi nilionao ni dole, na mlezi amesema ni la dada yake.”

“Ndiyo maana nimemwita.”

Monique aliingia. Safari hii alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili. Mkononi alikuwa na sweta la sufu la rangi ya samli, la mitumba, alilolitoa soko la Owino jana jioni, limefuliwa na kukunjwa.

“Ni ya Exaucée,” alimweleza Olivia bila kuulizwa. “Yeye baridi inamuonea tangu utoto. Akikuja tena ku makao, huyu baba atamupatia.”

Santo aliangalia sakafu.

“Kaa, Mama Mumbere,” Akwero alisema. “Leo nina maswali machache tu. Uliyosema jana yameandikwa, siyafuti. Ukitaka kuyaacha, yatabaki, na watoto watapanda gari. Umenielewa?”

“Nimeelewa.”

“Exaucée alizaa watoto wangapi?”

Nje, mluzi ulitoka kinywani mwa dereva kwa mara ya kwanza, na wavulana wakashangilia kama wamefunga bao. Monique aligeuka akawatazama kwa dirisha. Olivia alitaka kusema neno, Akwero akamzuia kwa kiganja.

Sweta lilikuwa magotini. Monique alilikunjua mkono mmoja, akaulaza vizuri, akaukunja tena.

“Mumoja,” alisema.

“Jina lake?”

“Mumbere.”

“Yupi kati ya hawa?”

“Ule wa pengo.”

“Na huyu mrefu?”

“Ni ya tumbo yangu. Mumbere wangu.”

“Dada yako angeweza kuja mbele ya mtu akasema wote wawili amewazaa yeye?”

Monique alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuuzia samaki.

“Kwetu, afande, mama ana wa kwanza mumoja. Exaucée anajua. Hata mwenye wazimu anajua.”

“Basi mwanamke aliyekaa kwenye kiti mbele ya Bwana Santo…”

“Haikuwa yeye.”

“Ulijua jana?”

Monique alimtazama Akwero moja kwa moja, na hakukuwa na chuki machoni mwake. “Mulisoma mara moja tu, afande. Mi nilisikia mara moja, na nilisikia muzuri. Nilitaka Exaucée anikalie hai hata siku moja.”

Santo aliinuka kutaka kuondoka. Bahasha ilikuwa imelowa jasho la viganja vyake. Akwero alimsogezea daftari mbele, akamwonyesha mstari wenye saini yake pembeni, akamwambia asiondoke, kwa kuwa dole lile lina mwenyewe na huyo mwenyewe atapatikana. Kisha akaandika maelezo mapya ya Monique, akayasoma kwa sauti mpaka mwisho, neno kwa neno, asiruke hata moja. Monique akachovya dole kwenye wino, akalibonyeza.

Olivia alichukua kalamu yake nyekundu, akaiweka kando, akachukua ya buluu. Chini ya mistari ile miwili akaandika: watoto wawili, mama wawili, ufadhili unaendelea. “Wanabaki kwako, mama,” alisema. “Wote wawili. Umesikia? Wanabaki nyumbani.”

Monique alilichukua sweta, akalitia kwapani. Alijifunga kitenge upya, akakaza, akapita mbele ya Santo, akafungua mlango, akatoka kibarazani kwa wavulana wake.